Utafiti wa Tabianchi Aktiki na Nafasi ya Wenyeji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Habari za Aktiki zinapotufikia huja na picha ya dubu mweupe juu ya kipande cha barafu, na ni mara chache sana kuonekana sura ya mtu. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, walimu, waandishi wa habari na wasomaji wengine wa Kiswahili wanaotaka kuelewa kinachochunguzwa huko, nani anayekichunguza, na wakazi wa maeneo hayo wana mamlaka gani juu ya uchunguzi unaofanyika katika ardhi na maji yao.

Aktiki ni eneo gani, na je, kuna watu wanaoishi huko?

Aktiki ni eneo la kaskazini ya mbali linaloizunguka Ncha ya Kaskazini. Antaktika, iliyoko kusini, ni bara lisilo na wakazi wa kudumu. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu, na nchi kavu hiyo imekaliwa kwa maelfu ya miaka. Mataifa manane yana ardhi humo: Marekani kupitia Alaska, Kanada, Denmark kupitia Greenland, Iceland, Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi. Wakazi wake wanakadiriwa kufika milioni 4, na takriban mmoja kati ya kila kumi ni wa jamii za wenyeji wa asili, wakiwamo Wainuiti wa Greenland, Kanada na Alaska, Wayupik, Waaleuti, Wagwich'in, Wasami wa kaskazini ya Ulaya na Wanenets wa Siberia. Neno «wenyeji» katika majibu haya linazihusu jamii hizo.

Kwa nini Aktiki inapata joto haraka kuliko sehemu nyingine za dunia?

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 na wanasayansi wa Ufini ulionyesha kwamba tangu mwaka 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia nzima. Sababu ziko kadhaa, na iliyo rahisi kueleweka ni ya rangi. Theluji mpya huakisi zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua unaoifikia, ilhali maji ya bahari yaliyo wazi hufyonza zaidi ya asilimia 90 ya mwanga huo. Barafu ya bahari inapoyeyuka, maji meusi yaliyokuwa yamefunikwa hupata joto, na joto hilo huyeyusha barafu zaidi. Mwezi Septemba mwaka 2012 barafu ya bahari ilipungua hadi takriban kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango kidogo kuliko vyote tangu setilaiti zianze kuipima mwaka 1979, wakati wastani wa mwezi huo kati ya mwaka 1981 na 2010 ulizidi milioni 6.

Chini ya ardhi kuna jambo jingine. Sehemu kubwa ya nchi kavu ya kaskazini ina udongo ulioganda mwaka hadi mwaka, na ndani yake mna mabaki ya mimea yenye kaboni inayokadiriwa kuwa karibu maradufu ya ile iliyomo angani kwa sasa. Udongo huo unapoyeyuka, vijidudu huyaozesha mabaki hayo na kutoa kaboni dioksidi na methani, gesi zilezile zinazoongeza joto duniani.

Mabadiliko haya yanawagusaje wakazi katika maisha ya kila siku?

Kwa Wainuiti barafu ya bahari ni barabara. Ndiyo inayounganisha kijiji na kijiji, na ndiyo inayomfikisha mwindaji mahali palipo na samaki na sili, mamalia wa baharini anayewindwa kwa nyama yake, katika maeneo ambako chakula cha dukani husafirishwa kwa ndege na kuuzwa kwa bei inayozidi uwezo wa familia nyingi. Barafu inapochelewa kuganda au inapokuwa nyembamba mahali ambapo wazee walizoea kupita, watu huzama na pikipiki zao za theluji, na wasiozama hubaki nyumbani bila nyama.

Kwa wafugaji wa reindia, wanyama wa jamii ya kulungu ambao Wasami na Wanenets huishi nao na kuwategemea, adui mkubwa ni mvua ya majira ya baridi. Mvua ikinyesha juu ya theluji kisha baridi kali ikarudi, huganda na kuwa tabaka gumu ambalo mnyama hawezi kulivunja ili afikie malisho yaliyo chini yake. Novemba 2013 mvua ya namna hiyo ilinyesha katika rasi ya Yamal, Siberia, na reindia wapatao 61,000 wakafa kwa njaa. Miaka mitatu baadaye, katika kiangazi cha joto lisilo la kawaida mwaka 2016, Yamal ilikumbwa na mlipuko wa kimeta ulioua zaidi ya reindia 2,000 na mtoto mmoja. Wataalamu wengi waliuhusisha mlipuko huo na kuyeyuka kwa udongo uliohifadhi vijidudu vya ugonjwa kutoka katika mizoga ya zamani.

Vipo pia vijiji vinavyoliwa na maji. Newtok, kijiji cha Wayupik magharibi mwa Alaska, kilikuwa kikimegwa na mto Ninglick kadiri udongo ulioganda wa kingo zake ulivyolainika. Familia za kwanza zilihamia makazi mapya ya Mertarvik, takriban kilomita 14 kutoka hapo, mwaka 2019, na za mwisho zilifuata mwaka 2024. Wanakijiji walilichagua eneo hilo wenyewe, wakapigania kulipata, na wakasubiri kwa miaka mingi fedha za kulijenga. Shishmaref na Kivalina, vijiji vingine viwili vya Alaska, vimekwisha kuamua kwamba vinapaswa kuhama, lakini kuamua kuhama ni jambo moja na kupata fedha za kuhama ni jambo lingine.

«Ushirikishwaji wa jamii» katika utafiti una maana gani hasa?

Maneno haya hutumika ovyo, kwa hiyo yanastahili kuchambuliwa kwa makini. Kwa muda mrefu mtafiti alikuja wakati wa kiangazi, akamkodi kijana wa kijiji amwongoze na kumlinda dhidi ya dubu, akachukua sampuli zake, akaondoka, na matokeo yakachapishwa katika jarida ambalo kijiji hakikuweza kulinunua wala kulisoma. Kijana yule alishiriki, lakini ni vigumu kusema kwamba jamii yake ilishirikishwa. Hakuna aliyewauliza wakazi kama swali lililochunguzwa lilikuwa na maana kwao, na hakuna aliyerudi kuwapa mrejesho.

Mwaka 2018 Inuit Tapiriit Kanatami, taasisi ya kitaifa inayowawakilisha Wainuiti wa Kanada, ilitoa mkakati wake wa utafiti. Mkakati huo unadai Wainuiti wawe na sauti katika uongozi wa utafiti, maadili ya utafiti yaimarishwe, fedha zielekezwe kwenye vipaumbele vyao, wawe na udhibiti wa data zinazowahusu, na uwezo wa kufanya utafiti ujengwe katika maeneo yao wenyewe. Mwaka 2022 Baraza la Wainuiti la Ukanda wa Kaskazini, lililoanzishwa mwaka 1977 na linalowaunganisha Wainuiti wa nchi nne, lilitoa miongozo ya namna ya kushirikiana nao kwa haki na kwa maadili.

Ukiyasoma madai hayo kwa utulivu utaona kwamba kiini chake ni mamlaka. Anayechagua swali ndiye anayeamua nini kitajulikana, na kwa maoni yangu mradi wowote ambao jamii iliitwa baada ya swali kwisha kuandikwa na fedha kwisha kupatikana haustahili kuitwa shirikishi, hata kama uliajiri nusu ya kijiji.

Je, maarifa ya wenyeji yana uzito wa kisayansi, au yanaheshimiwa kwa adabu tu?

Jibu bora ni kisa cha nyangumi wa Alaska, kwa kuwa katika kisa hicho pande mbili zilitofautiana kwa idadi, na idadi inaweza kukaguliwa.

Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliamua kuwapiga marufuku Wainupiati, yaani Wainuiti wa kaskazini mwa Alaska, kuwinda nyangumi wa Aktiki mwenye kichwa cha upinde, mnyama ambaye uwindaji wake ndio mhimili wa chakula chao, wa mgawanyo wa nyama baina ya jamaa, na wa sherehe za mwaka. Wanasayansi walikadiria kwamba nyangumi waliobaki walikuwa kati ya 600 na 2,000 hivi. Hesabu ilifanywa na watu waliosimama ukingoni mwa barafu, wakiwahesabu nyangumi waliopita katika mfereji wa maji wazi karibu na pwani wakati wa kuhama kwao majira ya kuchipua. Manahodha wa uwindaji walipinga. Walisema nyangumi hao hawafuati maji wazi peke yake. Wengi hupita mbali na pwani, chini ya barafu, na hupumua kwa kuipasua barafu nyembamba kwa vichwa vyao. Anayehesabu akiwa amesimama ukingoni, walisema, anahesabu sehemu ndogo ya msafara.

Wawindaji waliunda tume yao mwaka huohuo, na serikali yao ya mtaa, ambayo ilikuwa na mapato kutokana na kodi ya mafuta, ikagharimia utafiti wa kupima kauli hiyo. Huu ndio ukweli ambao wasimulizi wengi huuruka: wazee walikuwa sahihi, lakini usahihi wao usingebadilisha chochote kama jamii isingekuwa na fedha zake na wanasayansi iliowaajiri yenyewe. Watafiti walizamisha maikrofoni chini ya maji ili kusikiliza sauti za nyangumi, na sauti zilitoka kulekule ambako wawindaji walisema nyangumi hupita, mbali na macho ya mtu yeyote aliyesimama juu ya barafu. Makadirio yalipanda kila njia za kuhesabu zilipoboreshwa. Hesabu ya mwaka 2001 ilionyesha nyangumi 10,000 au zaidi, na ya mwaka 2011 takriban 17,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni nyangumi waliozaliwa katika miaka hiyo, lakini kosa la mwanzo lilikuwa la njia ya kuhesabu, na walioliona mapema ni watu ambao baba zao na babu zao walisafiri juu ya barafu hiyo.

Marufuku yenyewe haikudumu. Nafasi yake ilichukuliwa na mgao wa uwindaji, ambao hadi leo wawindaji wenyewe hushiriki kuusimamia.

Kuna mifano ya namna hiyo katika utafiti wa tabianchi wa leo?

Ipo mingi, na mmoja uliokomaa ni SmartICE. Majira ya baridi ya mwaka 2009 hadi 2010 yalikuwa na joto lisilo la kawaida huko Nunatsiavut, eneo la Wainuiti kwenye pwani ya Labrador, Kanada. Njia zilizozoeleka juu ya barafu hazikuaminika tena, na watu walizama. Kutokana na hali hiyo, viongozi wa Nunatsiavut na watafiti wa Chuo Kikuu cha Memorial walianzisha mfumo wa kupima unene wa barafu kwa vifaa vya aina mbili: maboya yanayopandikizwa ndani ya barafu, na kihisi kinachokokotwa kwa sleji nyuma ya pikipiki ya theluji. Ulijaribiwa kwanza katika vijiji vya Nain na Pond Inlet. Vifaa huendeshwa na vijana wa mahali hapo waliopewa mafunzo, na kamati ya kijiji ndiyo inayoamua njia zipi zipimwe, kwa kuwa kijiji ndicho kinachojua nani hupita wapi na katika mwezi gani. Mwaka 2017 mradi huo ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya miradi ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi.

Huko Sanikiluaq, katika visiwa vya Ghuba ya Hudson, shirika la Arctic Eider Society lilizindua mwaka 2019 programu ya simu iitwayo SIKU, ambamo wawindaji huweka taarifa za barafu hatari, wanyama waliowaona na majina ya mahali katika lugha zao, huku wakibaki wenye taarifa hizo.

Mfano wa Kotzebue, Alaska, una uzito wa pekee. Watafiti wa vyuo vikuu waliketi na wazee wa Kiinupiati kabla ya kuandika swali lolote, na wazee hao wakaongoza mradi kama baraza la ushauri na kutajwa kuwa waandishi wa machapisho yake. Swali lililochaguliwa lilihusu uwindaji wa sili wenye sharubu, kwa kuwa ndilo lililowasumbua wakazi. Picha za setilaiti pamoja na kumbukumbu za wawindaji zilionyesha kwamba kati ya mwaka 2003 na 2019 msimu wa uwindaji huo ulifupika kwa takriban siku moja kila mwaka. Hata hivyo wawindaji waliendelea kupata nyama ya kutosha, kwa sababu walibadilisha mwenendo wao na kuutumia vizuri muda mfupi uliobaki. Setilaiti peke yake ingeonyesha hasara, na isingeonyesha maarifa yaliyoizuia hasara hiyo kuwa njaa.

Wafugaji wa reindia nao wanashiriki kama watafiti?

Ndiyo. Wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, 2007 hadi 2008, mradi wa EALÁT ulioongozwa kutoka Kautokeino, kaskazini mwa Norwei, uliwaweka wafugaji na wanasayansi katika kazi moja. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni thamani ya madume waliohasiwa. Wataalamu wa kilimo walikuwa wameshauri kundi lijazwe majike wanaozaa, kwa kuwa dume aliyehasiwa hahesabiwi kuwa na faida ya nyama. Wafugaji walieleza kwamba madume hao wana nguvu za kuvunja tabaka la barafu, na jike na ndama hula palipokwisha kuvunjwa. Kundi lenye mchanganyiko wa wanyama wa kila aina huhimili majira mabaya kuliko kundi lililopangwa kwa hesabu za soko. Kwa msomaji aliyekulia katika jamii ya wafugaji, iwe kwa Wamasai au kwa Wadatoga, hoja hii haihitaji maelezo marefu.

Nani hutoa kibali cha kufanya utafiti?

Inategemea nchi. Katika Nunavut, eneo la Kanada lililopata serikali yake tarehe 1 Aprili 1999, sheria inamtaka mtafiti apate leseni, mara nyingi kupitia Taasisi ya Utafiti ya Nunavut iliyoko Iqaluit, na maombi yake hupelekwa kwa jamii husika ili yatolewe maoni. Mtafiti hutakiwa pia kueleza kazi yake kwa lugha ya Kiinuktituti. Kwa wasomaji wetu, utaratibu huu unafanana kwa sehemu na ule wa tume za sayansi zinazotoa vibali vya utafiti, COSTECH nchini Tanzania au NACOSTI nchini Kenya, isipokuwa kwamba kule maombi hufika hadi kwenye kijiji chenyewe, jambo ambalo nchi zetu zingefaa kulitazama. Alaska na nchi za Wasami hazina leseni ya jumla ya namna hiyo, na mengi hutegemea sera za vyuo na za mashirika ya wenyeji.

Je, jamii inaweza kukataa utafiti kabisa?

Inaweza, na imewahi kufanya hivyo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipanga kurusha puto karibu na Kiruna, kaskazini mwa Uswidi, kama hatua ya kwanza ya mradi wa kuchunguza iwapo chembechembe zikinyunyizwa angani juu sana zinaweza kupunguza mwanga wa jua na kuipoza dunia. Safari ile ya kwanza ilikuwa ya kujaribu vifaa tu, bila kunyunyiza chochote. Baraza la Wasami liliandika barua kupinga, likieleza kwamba wakazi hawakuulizwa, na kwamba teknolojia ya namna hiyo inagusa dunia nzima na haiwezi kuanza bila makubaliano mapana. Safari hiyo ilisitishwa, na mwaka 2024 chuo kilitangaza kuufunga mradi.

Wapo wanaosema kwamba Wasami walizuia elimu inayoweza kuja kuwafaa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa hali ya tabianchi ni mbaya na njia zilizobaki ni chache. Lakini ridhaa isiyoweza kuwa «hapana» si ridhaa. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili linazungumzia ridhaa iliyo huru, inayotolewa mapema, na yenye taarifa kamili. Kanada na Marekani zililipinga azimio hilo siku ya kura, kisha zikaliunga mkono baadaye. Urusi haikuunga mkono wala kupinga, na msimamo wa Kenya ulikuwa huohuo, ilhali Tanzania ilipiga kura ya ndiyo.

Data zinazokusanywa ni mali ya nani?

Swali hili ndilo linaloleta mvutano mkubwa zaidi kwa sasa. Wanasayansi wengi huamini kwamba data zikiwa wazi kwa wote sayansi husonga mbele, na wafadhili wengi hulazimisha uwazi huo. Wenyeji wana sababu za kusitasita. Taarifa ya mahali wanyama wanapozalia inaweza kutumiwa na kampuni ya madini au ya utalii. Takwimu za mavuno ya wawindaji zinaweza kugeuzwa hoja ya kuwapunguzia mgao. Na simulizi la mzee linaweza kunukuliwa bila jina lake wala ruhusa yake. Mwaka 2019 wataalamu wa jamii za asili kutoka sehemu mbalimbali za dunia walitangaza kanuni zinazotaka data ziwanufaishe wenyewe kwa pamoja, ziwe chini ya mamlaka yao, na zitumike kwa uwajibikaji na maadili. Vipo vituo kama ELOKA, chenye makao Boulder, Marekani, vinavyohifadhi kumbukumbu za wazee na za wawindaji kwa masharti yanayopangwa na jamii zenyewe, ambapo baadhi hufunguliwa kwa umma na nyingine hubaki kwa wanajamii peke yao.

Wenyeji wanaoshiriki wanalipwa?

Wanapaswa kulipwa, na miradi mizuri huwalipa kwa viwango vya utaalamu. Mzee anayesoma barafu kwa rangi na mlio wake ana utaalamu uliomchukua maisha yote kuupata. Posho ya mafuta ya pikipiki haitoshi kuwa malipo yake.

Baraza la Aktiki lina kazi gani, na vita vya Ukraine vimeliathirije?

Baraza la Aktiki liliundwa mwaka 1996 kwa Azimio la Ottawa. Wanachama wake ni mataifa manane yaliyotajwa hapo juu, na pamoja nayo huketi mashirika sita ya wenyeji yenye hadhi ya washiriki wa kudumu, ambayo ni lazima yashauriwe kabla ya uamuzi ingawa hayapigi kura. Tathmini kubwa ya athari za tabianchi iliyotolewa mwaka 2004 chini ya mwavuli wa baraza hilo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuweka ushahidi wa wenyeji kando ya vipimo vya wanasayansi. Mwaka uliofuata Sheila Watt-Cloutier, kiongozi wa Wainuiti kutoka Kanada, pamoja na wenzake waliwasilisha malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika dhidi ya Marekani, wakidai kwamba uchafuzi wake wa hewa unavunja haki zao. Tume haikuendelea na shauri hilo, lakini ilisikiliza ushahidi mwaka 2007, na tangu hapo suala la tabianchi limezungumzwa kwa lugha ya haki kwa namna ambayo haikuwapo kabla.

Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, mataifa saba mengine yalisimamisha ushiriki wao katika vikao. Baadhi ya kazi zimerejeshwa tangu wakati huo, lakini data kutoka Siberia zimepungua mno, na karibu nusu ya pwani ya Bahari ya Aktiki iko Urusi. Wanenets na jamii nyingine za huko, ambazo tayari zilikuwa na sauti ndogo, sasa zimetengwa na wenzao wa nchi nyingine. Kwa upande wa sayansi na kwa upande wa haki pia, hili ndilo pengo kubwa kuliko yote kwa sasa.

Haya yanawahusu nini watu wa Afrika Mashariki?

Yanawahusu kwa njia ya maji kwanza. Barafu ya Greenland imekuwa ikipoteza wastani wa takriban tani bilioni 270 kila mwaka tangu mwaka 2002, kwa mujibu wa vipimo vya setilaiti. Tungamo kubwa la barafu huivuta bahari iliyo karibu nalo, kwa hiyo linapopungua, maji yaliyokuwa yamevutwa huko hutawanyika. Bahari hushuka karibu na Greenland, na hupanda kupita wastani katika maeneo ya mbali, yakiwamo ya tropiki. Lamu, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zinapokea sehemu ya kile kinachoyeyuka kule.

Yanawahusu pia kwa njia ya ndege. Vitwitwi wanaoonekana kwa maelfu kwenye tope la Mida Creek, karibu na Watamu, ni pamoja na aina zinazozaliana katika nyika za Siberia ya kaskazini wakati wa kiangazi cha huko na kuja kwetu kukwepa baridi. Theluji ikiyeyuka mapema kuliko zamani, wadudu ambao makinda huwategemea huibuka kabla ya wakati, na madhara yake yanaweza kuonekana katika idadi ya ndege wanaofika pwani ya Kenya.

Uko uhusiano wa tatu, wa kibinadamu. Hifadhi ya mbegu ya dunia ilipofunguliwa Svalbard, visiwa vya Norwei ndani ya Aktiki, mwezi Februari mwaka 2008, Wangari Maathai wa Kenya alikuwa pamoja na waziri mkuu wa Norwei katika kuliweka sanduku la kwanza. Hifadhi hiyo ilichimbwa ndani ya mlima wenye udongo ulioganda kwa matumaini kwamba baridi hiyo haitaondoka. Mwaka 2016 joto na mvua kubwa vilisababisha maji kuingia katika lango la njia yake. Mbegu hazikudhurika, na lango lilijengwa upya.

Msomaji anayetaka kufuatilia mambo haya aanzie wapi?

Taasisi ya Marekani ya bahari na anga, NOAA, hutoa kila Desemba taarifa ya mwaka kuhusu hali ya Aktiki, na matoleo ya karibuni yana sura zilizoandikwa na wenyeji au kwa kushirikiana nao. Kiwango cha barafu ya bahari huwekwa wazi kila siku na kituo cha kitaifa cha data za theluji na barafu kilichoko Boulder, na mwezi wa kukitazama ni Septemba, barafu inapofikia kiwango chake cha chini. Wanafunzi na watafiti chipukizi wanaweza kujiunga na APECS, chama cha kimataifa cha wanasayansi vijana wa ncha za dunia, ambacho hakimtaki mwanachama awe raia wa nchi ya kaskazini. Anayetaka kusikia sauti za wenyeji moja kwa moja aanze na mkakati wa Wainuiti wa mwaka 2018, ambao hupatikana bure kwenye intaneti.